Kupuliza Rangi ya Motokaa Nyumbani: Kwanza Hewa, Ndipo Rangi

Hakuna mji katika Kenya, wala soko kubwa la mashambani, ambako mtu hawezi kuona motokaa iliyovikwa magazeti kwenye vioo vyake, na kando yake kijana ameshika bomba la kupulizia rangi. Kazi hii ni nzuri. Hulisha watu wengi, huvipa maisha mapya vyombo ambavyo kutu ingalivila, na humpa fundi heshima, maana kila apitaye huona kwa macho yake kazi iliyofanywa. Basi si ajabu kwamba vijana wengi, baada ya kujifunza miaka miwili au mitatu katika gereji ya mtu mwingine, hutamani kuanzisha gereji zao wenyewe nyumbani.

Shauri hilo ni jema, lakini lina mlango wa hatari ambao aghalabu hauonekani. Kijana mwenye akiba yake kidogo hufikiri kwanza juu ya bomba na kompresa. Huvinunua, huvileta nyumbani, kisha hutafuta nafasi yo yote ya kuvitumia: nyuma ya jiko, ubavuni mwa nyumba wanamolala watoto, au katika chumba kilichokuwa stoo. Huko ni kuanza kazi kwa mkia. Jambo la kwanza katika kupuliza rangi si bomba wala si rangi. Jambo la kwanza ni hewa: hewa anayovuta fundi, hewa inayotoka katika kompresa, na hewa inayochukua mvuke wa rangi na kuupeleka mahali pengine. Fundi aliyekwisha kuishughulikia hewa, rangi itamtii. Yule aliyeidharau atapoteza rangi yake, na huenda akapoteza afya yake pia.

KAZI ILIKOTOKA

Zamani motokaa zilipakwa rangi kwa brashi kama yalivyopakwa magari ya farasi. Tabaka moja la rangi ya mafuta lilingojewa likauke, likapigwa msasa, kisha likaja jingine, na gari moja liliweza kukaa majuma kadhaa kabla ya kumalizika. Bomba la kupulizia lenyewe lilianzia katika dawa. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja wa Toledo katika Marekani, Allen DeVilbiss, alitengeneza chombo cha kunyunyizia dawa katika koo za wagonjwa. Mapema katika karne ya 20 mwanawe Thomas aliligeuza wazo hilo likawa bomba la kupulizia rangi.

Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ilianza kutoa motokaa za Oakland zilizopakwa rangi mpya iitwayo Duco, iliyotengenezwa na DuPont. Rangi hiyo ilikauka upesi sana, na kazi ya majuma ikawa ya siku chache. Lakini kila faida ina gharama yake. Rangi hukauka upesi kwa sababu thina iliyomo hugeuka mvuke upesi, na mvuke huo hauna budi kwenda mahali fulani. Usipotolewa nje, utaingia katika mapafu ya fundi au utangojea cheche ya moto.

MAHALI PA KAZI

Jina la jua kali, wanaloitwa mafundi wa Kenya wafanyao kazi nje, lilitokana na kukosa kivuli. Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985, shida yao iliangaliwa na serikali, na baadaye wakajengewa mabanda. Basi kila fundi ajua thamani ya kivuli. Hata hivyo kwa mpuliza rangi kivuli hakitoshi. Jua likipiga bati la gari, rangi hukauka kabla haijatandaa. Upepo wa wazi huleta vumbi jekundu na wadudu. Lakini akijifungia katika chumba kisicho na tundu, atakuwa amejifungia pamoja na sumu na baruti.

Tuchukue mfano wa chumba chenye urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Ndani yake mna hewa ya mita 72 za ujazo. Mafuta ya toluini, ambayo hupatikana katika thina nyingi, yakigeuka mvuke, lita moja hutoa zaidi ya lita 200 za mvuke. Mvuke huo ukifikia sehemu moja na kidogo tu katika kila sehemu mia za hewa, waweza kulipuka ukipata cheche. Ukipiga hesabu utaona kwamba lita zipatazo nne za thina zikigeuka mvuke katika chumba hicho kilichofungwa, chumba kizima kitakuwa kama bomu. Na kwa kweli hatari huja mapema kuliko hapo, maana mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, bali huteremka chini, hutambaa sakafuni na kujikusanya mashimoni. Juu hewa yaweza kuwa salama, na chini ya magoti ya fundi ikawa tayari kuwaka.

Mtu aliye na kiwanja atakuwa salama zaidi akijenga banda peke yake, mbali na nyumba ya kulala, mbali na jiko, na upande ule ambao upepo wa siku zote hauupelekei moshi mlangoni kwa jirani. Kuta tatu za mabati na paa zatosha. Upande wa nne uwe wazi, ufunikwe kwa turubai wakati wa kungojea rangi ikauke. Sakafu iwe ya saruji, kwa sababu sakafu ya udongo haina mwisho wa vumbi. Kabla ya kupuliza, sakafu inyunyiziwe maji kidogo ili vumbi litulie, lakini nyaya zote za umeme ziwe zimeinuliwa juu na zisiguse maji.

Fundi akitaka banda lifungike pande zote, hana budi kuitengenezea hewa njia mbili: ya kuingilia na ya kutokea. Hewa iingie upande mmoja ikipitia kitambaa au sifongo ya kuchujia vumbi, itoke upande wa pili karibu na sakafu, mahali mvuke unapolala, kisha ipande katika bomba la bati hadi juu ya paa. Katika vyumba vya kupulizia vilivyojengwa kwa kazi hii, hewa hupita kwa mwendo wa karibu nusu mita kila sekunde. Kwa banda lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, hiyo ni mita 6 za ujazo za hewa kila sekunde. Feni ya mezani haifikii hata chembe ya kazi hiyo. Tena feni ya kawaida ina mota yenye cheche ndani yake, na kuiweka katika njia ya mvuke ni kumwalika mgeni mbaya. Mota lazima ikae nje ya njia hiyo na kuzungusha feni kwa mkanda, au iwe mota iliyotengenezwa makusudi kwa mahali penye mvuke wa kuwaka.

MOTO HAUNA RAFIKI

Kuna mambo madogo ya nyumbani ambayo hayatajwi katika vitabu vya mafundi, nayo ndiyo huleta misiba. Jiko la makaa ni moja. Mama mwenye nyumba aweza kumwambia kijana, "Mwanangu, jiko langu liko uani tangu ulipozaliwa, nawe wataka nilihamishe kwa ajili ya rangi?" Naye kijana mwenye adabu atajibu, "La, mama, jiko lako halihami. Rangi ndiyo itakayohama." Jibu hilo ni sahihi. Moto uliokwisha kuwapo nyumbani una haki yake, na kazi mpya ndiyo itafute mahali pengine.

Mashine ya kuchomelea vyuma isitumiwe karibu na banda la rangi siku ya kupuliza. Sigara isikaribie kabisa. Kompresa iwekwe nje ya banda, chini ya kipaa chake, kwa sababu mbili: mota yake hutoa cheche, na tena huvuta hewa, ikiwa ndani, itavuta ukungu wa rangi na vumbi. Taa ziwe nje ya dirisha la kioo zikimulika ndani, au ziwe za namna ya kuzibwa. Betri ya gari ifunguliwe kabla ya kazi kuanza.

Rangi na thina ziwekwe katika kabati la chuma au stoo yenye kufuli, na ndani ya banda kiingie kile tu kinachohitajika kwa kazi ya siku. Matambara yenye mafuta na rangi yasirundikwe pembeni, maana mengine huweza kujipasha moto yenyewe hata yakawaka; yatiwe katika debe la chuma lenye kifuniko. Pawepo kizima-moto cha unga au cha povu, na ndoo za mchanga mkavu. Maji hayafai kwa moto wa thina, kwa kuwa thina nyingi huelea juu ya maji na kuutawanya moto.

Kosa jingine lililozoeleka ni kutia thina katika chupa ya soda. Mtoto haisomi chupa kwa herufi, huisoma kwa umbo lake. Hakuna sababu yo yote inayoweza kumtetea fundi aliyeweka sumu katika chupa ambayo mtoto wake ameifahamu kuwa ya kinywaji. Vivyo hivyo makopo na mitungi ya rangi iliyokwisha isiuzwe wala isigawiwe kwa watu wa kutekea maji.

ADUI ASIYEONEKANA

Sasa lafuata jambo kubwa kuliko yote. Rangi nyingi za motokaa za siku hizi, hasa vanishi ya kung'aza inayopulizwa juu, huja katika makopo mawili: rangi yenyewe na dawa ya kuigandisha. Dawa hiyo aghalabu ina kemikali ziitwazo aisosayaneti. Ndizo zinazoifanya rangi iwe ngumu, ivumilie jua na petroli, na ing'ae kama kioo. Lakini ukungu wake ukivutwa huweza kuleta ugonjwa wa pumu. Idara ya usalama na afya kazini ya Uingereza imeeleza kwamba wapuliza rangi ya magari wana hatari ya kupata pumu ipatayo mara 80 kuliko wafanyakazi wengine wa nchi hiyo.

Ubaya wa ugonjwa huu ni namna unavyokuja. Fundi aweza kufanya kazi miezi au miaka bila kuona neno. Kisha jioni moja kifua humbana, hukohoa usiku, na asubuhi huamka mzima. Siku za mapumziko huwa hana shida. Akirudi kazini, kifua hurudi kubana. Wengi hufikiri ni mafua au baridi. Lakini mwili ukiisha kuikataa dawa hiyo, hata kiasi kidogo sana chatosha kumwangusha, na wapo wasioweza kurudi tena katika kazi ya kupuliza. Fundi anayeziona dalili hizo asingoje. Aende kwa daktari na amweleze wazi kwamba kazi yake ni kupuliza rangi ya magari.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii cho chote ila vumbi kubwa. Barakoa yenye vichujio vya mkaa husaidia kwa mvuke wa thina, mradi vichujio vibadilishwe kwa wakati wake na barakoa ibane uso vizuri; ndevu huiachia nafasi. Lakini kwa rangi yenye aisosayaneti haitoshi kuitegemea, kwa sababu harufu haimwonyi fundi kwamba kichujio kimekwisha. Kwa rangi hizo kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya banda. Hewa hiyo nayo ipite katika vichujio vyake, na kompresa isivute hewa karibu na moshi wa injini. Ngozi pia ifunikwe: glovu, nguo yenye mikono mirefu, na miwani ikiwa barakoa haifuniki macho.

Tena ukungu huu huweza kubakia hewani baada ya jicho kuacha kuuona. Fundi amalizapo kupuliza, hutamani kuifunua barakoa ili aitazame kazi yake. Huo ndio wakati wa kuumia. Na atoke nje akiwa bado ameivaa, aache hewa isafike, ndipo aivue. Kwa sababu iyo hiyo watoto na wapita njia wasikaribie banda, maana wao hawana barakoa kabisa.

Ikiwa fundi hana barakoa ya namna hiyo, wala banda lenye hewa ya kutosha, yuko njia ya hekima iliyo wazi. Kazi ya kupiga msasa, kunyosha mabonde, kuondoa kutu na kuziba aifanye nyumbani. Kisha gari alipeleke katika gereji yenye chumba cha oveni, akodishe chumba hicho kwa saa chache za kupuliza. Atakuwa amelipa kodi kidogo, lakini amehifadhi mapafu yake na amepata rangi isiyo na vumbi. Si aibu. Fundi hodari hapimwi kwa wingi wa vyombo alivyo navyo, hupimwa kwa gari linalotoka mikononi mwake.

KOMPRESA NA BOMBA

Wengi hununua kompresa kwa kutazama ukubwa wa mtungi wake. Hilo ni kosa. Mtungi ni ghala tu; jambo la maana ni kiasi cha hewa ambacho mashine hutoa kila dakika. Mabomba mengi yatumiayo hewa nyingi kwa nguvu ndogo huhitaji kati ya lita 250 na 400 za hewa kwa dakika. Kompresa ndogo ya kujazia magurudumu haiwezi kufikisha kiasi hicho. Fundi ataanza vizuri, na kabla hajafika katikati ya boneti nguvu itapungua, rangi itoke kwa matone makubwa badala ya ukungu, na kazi iharibike.

Bomba la zamani lenye nguvu kubwa hutaka hewa ya ratili 40 hadi 50 kwa kila inchi mraba, na zaidi ya nusu ya rangi yake hupeperuka bila kulifikia gari. Bomba la nguvu ndogo huingiza hewa ya ratili zipatazo 30 kwa kila inchi mraba, na huweza kufikisha karibu theluthi mbili ya rangi penye bati. Basi fundi anunuaye rangi kwa fedha zake ataona upesi tofauti ya mabomba hayo, na hewa ya banda lake nayo itakuwa na ukungu mdogo.

Hewa ikibanwa hutoa maji. Kila jioni mtungi wa kompresa ufunguliwe chini maji yatoke, na kabla ya bomba pawekwe chombo cha kutega maji na mafuta. Tone moja la maji likiingia katika rangi litaacha alama ambayo haiondoki ila kwa msasa.

BATI KABLA YA RANGI

Mafundi wazee husema kwamba rangi haifichi kitu, huonyesha tu. Kutu iliyofunikwa huendelea kula bati chini kwa chini, na baada ya mvua za msimu mmoja hufura na kupasuka. Kwa hiyo kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa hadi bati ling'ae. Bati lililotoboka likatwe na kuchomelewa jipya. Kuziba tundu kwa gazeti na filla ni kumdanganya mwenye gari. Katika mji wa Mombasa na pwani yote, ambako hewa ina chumvi, udanganyifu huo hufichuka upesi zaidi.

Filla ipigwe msasa mkavu, namba 80 kwanza, kisha 180, kwa sababu hunywa maji na kuyahifadhi chini ya rangi. Baada ya rangi ya kwanza, yaani praima, msasa uwe wa namba 400 hadi 600, ukipigwa kwa kibao kilichonyoka wala si kwa vidole, maana vidole huacha mifereji. Kisha bati lipanguswe kwa dawa ya kuondoa mafuta. Petroli haifai kwa kazi hii, kwani huacha mafuta yake nyuma. Polishi ya kung'arishia viti na magurudumu isiletwe karibu kabisa. Chembe yake huifanya rangi ikimbie na kuacha vishimo kama macho ya samaki.

WAKATI WA KUPULIZA

Hali ya hewa ni bwana mkubwa. Joto la kadiri, kati ya digrii 20 na 25, ndilo lifaalo. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai katika Nairobi au Limuru, rangi hukawia kukauka na huteremka kama machozi. Siku yenye unyevu mwingi, rangi nyepesi ya kukauka upesi huweza kugeuka nyeupe kama maziwa, kwa sababu thina ikitoka kwa haraka hulipoza bati hata unyevu wa hewa ukatua juu yake. Fundi wa Mombasa hutumia thina ikaukayo polepole, au hungoja saa ambazo hewa ni kavu.

Bomba lishikwe umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka penye bati, lielekezwe sawasawa, na mkono wote utembee, si kifundo cha mkono peke yake. Kila mstari ufunike nusu ya ule uliotangulia. Kitufe kibanwe kabla ya kufika pembeni na kiachwe baada ya kupita. Akilisogeza bomba karibu mno, rangi itamwagika. Akiliweka mbali mno, itafika kavu na kuwa na mikunjo kama ganda la chungwa. Matabaka mawili au matatu mepesi ni bora kuliko moja zito, na kati ya tabaka na tabaka ngoja dakika 10 hadi 15 thina itoke. Kiasi cha dawa ya kugandisha kifuate maandishi ya kopo, kipimwe kwa kikombe chenye alama. Kukisia kwa jicho ndiko kunakofanya rangi ibaki laini au ipasuke.

MAJI MACHAFU NA SHERIA

Thina iliyooshea bomba isimwagwe mtaroni, chooni wala mtoni. Ikiwekwa katika chombo kilichofungwa siku chache, takataka huzama chini, na ile safi ya juu hufaa kuoshea bomba mara nyingine. Kwa hiyo fundi huokoa fedha na mto pia.

Gereji ya nyumbani nayo ni mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 humhusu mwenye gereji, na kibali cha biashara hutolewa na serikali ya kaunti. Ni vema kuuliza mapema katika ofisi hizo, kabla ya kumwaga saruji, kuliko kungoja jirani apeleke mashtaka juu ya harufu na makelele.

Liko na jambo la rangi yenyewe. Motokaa ikibadilishwa rangi, mwenye mali sharti aiarifu mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ili maandiko ya gari yabadilishwe. Fundi mwenye busara huomba kuona maandiko ya umiliki kabla ya kugeuza gari jeupe kuwa jeusi, na huandika namba yake daftarini. Wezi wa magari hupenda gereji zilizo nyuma ya nyumba, mahali ambapo hapaulizwi maswali. Ni afadhali kukosa kazi ya siku moja kuliko kusimama mahakamani pamoja na mwizi usiyemjua jina. Magari ya matatu nayo yana sharti lake: tangu kanuni zilizotangazwa na Waziri John Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, mstari wa manjano ubavuni umekuwa alama yao, na fundi anayepuliza gari la namna hiyo asiusahau.

DAFTARI

Mwisho ni hesabu. Motokaa ndogo ya saluni aghalabu hutaka lita tatu au nne za rangi iliyokwisha kuchanganywa, mbali na praima na vanishi. Fundi mgeni katika biashara hutaja bei kwa kuhesabu rangi tu, akasahau msasa, utepe wa gundi, umeme, vichujio vya barakoa na siku zake tatu za kupiga msasa. Mwisho wa mwezi hushangaa kwamba amefanya kazi nyingi na mfuko ni mtupu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na aandike kila kitu, na vichujio vya barakoa aviweke katika hesabu ya kila gari kama anavyoweka rangi, ili siku ya kuvibadili isimkute hana fedha.

Basi, Mabwana na Mabibi, kijana atakaye kuanza kazi hii asikate tamaa kwa kuyasikia haya yote. Aanze kidogo: mlango mmoja, boneti moja, katika banda lenye hewa, kwa rangi ambayo barakoa yake yaweza kuimudu. Kazi ikikua, vyombo navyo vikue. Gari likiharibika rangi laweza kupigwa msasa na kupulizwa upya, lakini pumzi ya mtu haina kopo la pili dukani. Baba mwenye nyumba na aketi na kijana wake kabla ya kununua bomba, wapime kiwanja, watazame upepo unatoka wapi, na waafikiane mahali banda litakapojengwa. Tahadhari kabla ya hatari.